Corolla 110 imeoza sailensa ya nyuma: ninunue ipi itakayohimili chumvi ya Mombasa?

MwanaTudor:

Salaam aleikum wadau. Gari ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1999, injini 5A ya lita 1.5. Sailensa ya nyuma imetoboka upande wa chini. Ishatiwa viraka viwili vya kuchomelea, na cha pili kimeanza kuachia ukingoni, mlio umerudi palepale. Matumizi ni Tudor hadi mjini na kurudi, wikendi kuvuka feri kwenda Likoni. Safari ndefu ni chache.

Nimeulizia bei, majibu ni manne:

Jua kali, kuundwa upya kwa bati jipya: Sh4,500.
Iliyotumika kutoka Japani: Sh7,000.
Mpya ya boksi, rangi ya fedha, muuzaji asema ni stenlesi: Sh9,500.
Stenlesi ya kuundwa kwa kipimo, pamoja na kufungwa: Sh22,000.

Sihitaji ngurumo wala nguvu za ziada. Nataka gari linyamaze, lipite ukaguzi, na nisirudi gereji mwakani kwa jambo hilihili. Ipi inafaa kwa gari la umri huu? Na kiraka cha tatu, kina maana au ni kupoteza pesa?

AbuSpana:

Wa aleikum salaam. Tuanze na hilo la mwisho: kiraka achana nacho. Kiraka hushika pale ambapo bati la pembeni bado lina unene. Likishakonda, moto wa kuchomelea walila zaidi, na tundu jipya hutokea kando ya lile la kwanza. Kwenye paipu iliyo nzima kiraka ni sawa. Kwenye tumbo la sailensa lililooza chini, hapana.

Sasa hizo bei nne ziweke kando kwanza. Ishushe sailensa ya zamani uitazame, maana yenyewe ndiyo itakayokwambia ununue ipi. Kuna kuoza kwa aina mbili na dawa yake si moja.

Kuoza kwa kwanza hutoka ndani. Petroli ikichomeka hutoa maji. Lita moja ya petroli yatoa takriban lita moja ya maji, ila hutoka kama mvuke kwa hivyo huyaoni. Sailensa ikiwa ya moto, mvuke wapita zake. Ikiwa baridi, mvuke wagusa bati na kugeuka matone, na matone hayo yamebeba tindikali kidogo kutoka kwenye moshi. Sailensa ya nyuma ndiyo iliyo mbali zaidi na injini, kwa hivyo ndiyo ya mwisho kupata moto, na Tudor hadi mjini ushafika kabla haijakauka. Wazima gari, maji yamelala humo ndani, jioni waongeza mengine. Dalili zake: tundu liko mahali pa chini kabisa au kwenye mshono wa chini, kingo zake zimekonda kama karatasi, lakini ukitazama juu bati ni zima na pengine bado lina rangi.

Kuoza kwa pili hutoka nje, na hapa chumvi ndiyo yenye kesi. Hewa ya bahari, maji yanayoruka ukishuka rampu ya feri bahari ikiwa imejaa, madimbwi ya masika. Dalili zake ni kutu ya magamba kila upande, hata juu, mistari ya kuchomelea imevimba, hanga (fimbo za kuning'inizia sailensa) zimekonda, nati za flenji (bapa za kuungia paipu) zimekuwa mafundo yasiyoshika spana.

Gari la Mombasa kwa kawaida lina yote mawili, ila moja huwa limetangulia. Lako kwa matumizi uliyoeleza nashuku ni la ndani. Ikiwa ndivyo, bati nene pekee halikuokoi. Linaongeza miezi tu. Kinachookoa ni chuma kisicholiwa upesi, na maji kupata pa kutokea.

Kuhusu vyuma vyenyewe:

Chuma cha kawaida, kile cheusi, ndicho cha bei nafuu na ndicho kinachooza upesi. Kinafaa tu ikiwa wajua hutakaa na gari.

Bati lenye zinki, lile la kuezekea au la matangi, likatae hata ukipewa bure. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaompa fundi homa ya usiku mzima. Ukishapita moto, pale penye mshono zinki haipo tena, umebaki na chuma kitupu mahali pabaya kuliko pote.

Chuma kilichopakwa alumini ndicho kinachotumika kwenye sailensa nyingi za boksi zilizo nzuri. Alumini ile imechanganywa na silikoni kidogo na imeshikana na chuma kwa moto, si rangi. Yahimili joto la ekzosi vizuri. Udhaifu wake ni palipokatwa na palipochomelewa: pale alumini imeungua, na kutu huanzia papo hapo.

Stenlesi ziko namna mbili tatu. Ile ya 409 ina kromiamu kama asilimia 11, ndiyo inayotumiwa na viwanda vingi vya magari. Inashika sumaku na hupata rangi ya kutu juujuu, lakini haitoboki upesi. Ya 304 ina kromiamu 18 na nikeli 8, haishiki sumaku isipokuwa kidogo kwenye kona zilizokunjwa. Ya 316 ina molibdenamu, ndiyo inayovumilia chumvi zaidi, na kwa Corolla 110 ni israfu.

Ile ya boksi unayoambiwa ni stenlesi, chukua kitambaa chenye thina usugue sehemu isiyoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi ya fedha, hiyo ni chuma cheusi kilichopuliziwa rangi. Kisipotoka kitu, kwaruza kidogo kwa ncha ya ufunguo: alumini ni kijivu kisichong'aa, na mkwaruzo wabaki wa fedha. Usidanganywe na ncha ya nyuma inayometa. Ncha hiyo hubandikwa juu ya chochote.

BiKisauni:

Naongeza upande wa zilizotumika, maana watu huzikataa bila kuzitazama. Sailensa ya asili iliyokuja na gari kutoka kiwandani ina faida moja kubwa: flenji, hanga na urefu vinaingia bila kukata wala kuchomelea kitu. Huna mshono mpya, huna pa kutu kuanzia. Na mlio ni uleule wa gari lilipotoka kiwandani, jambo ambalo jua kali ni vigumu kulifikia.

Ila Japani nako kuna chumvi. Mikoa ya kaskazini yenye theluji, kama Hokkaido, humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Sailensa iliyokaa huko yaweza kuwa mbovu kuliko hiyo uliyoishusha wewe. Kwa hivyo usinunue kwa kutazama picha ya simu. Nenda nayo mwangani, na ufanye hivi.

Ipindue, tazama mshono wa chini mwanzo hadi mwisho. Sukuma bisibisi ya bapa kwa nguvu ya kiganja kila sentimita mbili. Ikizama au bati likibonyea, irudishe. Gonga tumbo kwa mpini wa mbao: bati zima latoa mlio mkavu, lililooza latoa mlio uliokufa. Itikise karibu na sikio. Kitu kikigongana ndani, vigawanyio (kuta za vyumba vya ndani) vimeachia, na hiyo itapiga kelele ya kopo kila ukiwa kwenye taa. Ikimwaga unga mwekundu unapoiinamisha, ndani kumekwisha. Halafu angalia hanga zake: fimbo zikiwa zimekonda karibu na tumbo, zitakatika kabla sailensa yenyewe haijaoza.

Uliza pia imetolewa kwenye gari la aina gani hasa. Za injini tofauti za Corolla hufanana kwa mbali, lakini paipu hupindika tofauti na flenji hukaa pembe nyingine. Ukifika fundi akuambie "tutaikunja kidogo," ushapoteza ile faida yote niliyoitaja.

Kwa Sh7,000 ikipita majaribio hayo, mimi naichukua kabla ya ile ya boksi.

MwanaTudor:

Asanteni sana. Nimeishusha. Juu bati ni zima na bado lina rangi, tundu liko kwenye mshono wa chini upande wa mbele, kingo zimekonda hasa kama alivyosema AbuSpana. Paipu inayotangulia iko sawa, bisibisi haiingii. Boliti mbili za flenji zimeliwa vichwa.

Ile ya boksi nimeipaka thina, kitambaa kimetoka cheupe cha fedha. Basi hiyo nimeitoa kwenye orodha. Yamebaki matatu: jua kali, iliyotumika, au stenlesi ya kuundwa. Kwa jua kali nimwambie fundi nini ili asinipe kopo?

GesiNaRodi:

Swali zuri, kwa sababu jua kali si mbaya, ubaya ni kutoagiza. Ukimwambia fundi "nitengenezee sailensa" atakupa anachokuwa nacho. Ukimpa vipimo atafuata vipimo.

Unene: tumbo geji 18, yaani milimita 1.2. Vifuniko vya mbele na nyuma pamoja na paipu geji 16, milimita 1.5. Wengine hutaka tumbo la milimita 2 wakidhani ndio udumu. Uzito ule huning'inia kwenye raba na kwenye shingo ya paipu, na shingo hupasuka kabla kutu haijafika popote.

Kipenyo: usikubali "tutie kubwa gari lipumue." Kwa injini ya lita 1.5 isiyo na tabo hupati nguvu yoyote, wapata ngurumo ndani ya gari kwenye mwendo wa kilomita 80. Zungusha futi ya kushonea kwenye paipu na ugawanye kwa 3.14. Mzunguko wa milimita 135 ni kipenyo cha nje cha 43. Paipu mpya iwe hiyo, si zaidi.

Ukubwa wa tumbo: urefu na upana uwe sawa na wa zamani. Tumbo likipungua, mlio waongezeka. Hapo hakuna ujanja.

Ndani ndimo wengi hukosea. Sailensa ya kawaida ya nyuma ina vyumba, moshi waingia chumba kimoja, warudi, waingia cha pili, ndipo utoke. Fundi mvivu hupitisha paipu moja iliyotobolewa moja kwa moja kisha hujaza waya wa kusugulia sufuria kuizunguka. Mwezi wa kwanza gari limenyamaza. Baada ya hapo waya washika kutu, waloa maji na kuyashikilia kwenye bati mchana na usiku, vipande vyake vyatoka na moshi. Kwa gari la safari fupi mwambie asijaze kitu chochote, atengeneze vyumba.

Na matundu ya paipu ya ndani yahesabiwe. Pale moshi unapolazimika kupita kwenye matundu, jumla ya eneo lake isipungue eneo la mdomo wa paipu. Paipu ya milimita 40 kwa ndani ina eneo la kama milimita mraba 1,257. Tundu la milimita 4 lina 12.57. Kwa hivyo matundu 100 ndiyo kiwango cha chini kabisa, na mimi ningetia 200 ili moshi usibanwe. Fundi akitoboa thelathini kwa sababu drili yake imechoka, gari litakuwa zito kupanda daraja la Nyali, na mafuta yatakwenda.

Kuchomelea: bati la milimita 1.2 na rodi ya kuchomelea ya milimita 2.5 ni ugomvi. Rodi hutoboa, fundi hujaza, mshono unabaki na mapovu ndani yake ambamo maji huingia. Gesi yafanya kazi safi kwenye bati jembamba. MIG, mashine inayojilisha waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.8 ni bora zaidi. Akiwa na rodi tu, atumie ya milimita 2.0 na apunguze ampea. Mshono mzuri ni mwembamba, umelala, hauna vidonda. Ukiona fundi anamaliza kwa kupaka gundi ya ekzosi juu ya mshono, kuna tundu analoficha.

Namna ya kupata mkao: asikate ya zamani kwanza. Aiweke mezani, achomelee vyuma vya kushikilia flenji na hanga pale zilipo, kisha ndipo aiondoe na kujenga mpya ndani ya hivyo vyuma. Bila hivyo utamwona anapinda hanga kwa nyundo ikiwa tayari iko chini ya gari.

Tena kila kitu kichomelewe mezani, si chini ya gari. Tangi la petroli liko jirani pale. Ikilazimu kuchomelea kwenye gari, toa waya hasi wa betri kwanza na uweke klampu ya ardhi ya mashine kwenye paipu yenyewe, karibu na mshono, ili umeme usitafute njia kupitia kompyuta ya injini au alteneta.

Mwisho, akishafunga kifuniko cha pili, ndani hutaweza kupaka tena. Nje, sugua kwa brashi ya waya, futa kwa thina, paka rangi ya joto iliyoandikwa nyuzi 600 au zaidi, mara mbili nyembamba. Rangi ya geti haifai. Itaungua na kubanduka wiki hiyohiyo. Na agiza tundu la kutolea maji, milimita 3, mahali pa chini kabisa.

MtwapaKwaGia:

Hapo kwenye tundu sikubaliani na GesiNaRodi. Wanunua bati limepakwa, halafu walitoboa mwenyewe na kuacha chuma kitupu. Si ndio kuikaribisha kutu?

AbuSpana:

Ukingo wa tundu utashika kutu, kweli. Lakini pima: kutu ya pete ndogo ya milimita 3 dhidi ya maji yaliyolala kwenye mshono mzima usiku kucha. Sailensa nyingi za kiwandani hutoka na vitundu hivyo, na huziba kwa masizi. Kazi ni kuvizibua kwa waya mara mojamoja.

Kosa ninaloliona si tundu, ni mahali pake. Tundu hukausha chumba linakofungukia tu. Kama kuna vyumba vitatu na umetoboa cha nyuma, viwili vya mbele vinaendelea kujaa. Ya MwanaTudor imetobokea mbele, maana yake maji yake yalilala chumba cha mbele. Kwa hivyo ya kuundwa, kila chumba kiwe na tundu lake, au vigawanyio viwe na pengo dogo chini ili maji yatembee hadi kimoja. Ya kununuliwa usitoboe ovyo kama hujui vigawanyio viko wapi.

Kwenye stenlesi ya Sh22,000: sikukatazi, lakini uliza mambo matatu. Ni namba gani ya stenlesi? Itachomelewa kwa nini? Na itaungwa vipi na paipu ya zamani? Stenlesi ya 304 kwa 304 yatakiwa waya wa 308L. Stenlesi kwa chuma cha kawaida yatakiwa 309L. Fundi akiichomelea kwa rodi ya chuma ya kawaida, mshono wenyewe wageuka kutu na sailensa nzuri yaanguka ikiwa nzima. Pia asiisugue kwa brashi ya chuma cheusi iliyokwisha kutumika kwenye mageti. Chembe za chuma hubaki juu na kuanza kutu. Brashi iwe ya stenlesi.

Jambo jingine, ukiunga stenlesi na paipu ya chuma hapa pwani, maji ya chumvi yakilowesha kiungo, chuma ndicho kinacholiwa, tena upesi kuliko kingekuwa peke yake. Kwa hivyo waweza kuwa na sailensa ya kudumu miaka na paipu inayokatika mbele yake. Ikiwa paipu ya kati nayo itabadilishwa na gari utakaa nalo muda mrefu, stenlesi ina hesabu. Ikiwa ni sailensa peke yake kwenye gari la 1999, mimi ningetafuta ya asili iliyotumika kwa masharti ya BiKisauni, au mpya ya boksi nyingine iliyopakwa alumini kweli. Jua kali kwa vipimo vya GesiNaRodi ni ya tatu, na si aibu.

Kufunga, ambako ndiko sailensa nzuri huharibiwa:

Boliti za flenji zilizoliwa, zipulizie mafuta ya kulegeza usiku, asubuhi tena. Jaribu kukaza kidogo kwanza, kisha ulegeze. Zikigoma kata kwa grainda, usizungushe hadi flenji ipinde. Tia mpya za milimita 10. Nyingi za Toyota huchukua spana ya 14. Paka grisi ya shaba kwenye nyuzi ili siku nyingine zifunguke.

Gaskiti ya flenji ni mpya kila mara. Ya zamani imeshabonyea, haitaziba tena hata ukaze vipi.

Raba za hanga badilisha zote, si ile iliyokatika tu. Raba moja iliyolegea huhamishia uzito kwenye shingo ya paipu. Na usikubali waya mahali pa raba hata kwa wiki moja: mtetemo wa injini huingia bodi moja kwa moja na fimbo ya hanga hukatika. Wakati huohuo tazama mauntini za injini. Zikiwa zimekufa, injini hutikisika kila ukitia gia, na ekzosi nzima huvutwa nayo.

Ningʼiniza kwenye raba kwanza, flenji ikiwa imeshikwa kwa vidole tu. Sukuma sailensa pande zote: ibaki na nafasi ya milimita 20 au zaidi kutoka kwa bodi, mikono ya gurudumu na tangi. Ndipo ukaze boliti kwa zamu, huku na huku. Shusha gari juu ya magurudumu, bonyeza buti mara kadhaa, sikiliza kama kuna kinachogusa. Gari likiwa juu ya jeki magurudumu yananing'inia na nafasi huonekana kubwa kuliko ilivyo. Na usiingie chini yake bila stendi.

Kupima uvujaji: injini ikiwa baridi, iwashe, mtu avae glavu nene azibe mdomo wa nyuma kwa kitambaa kwa sekunde chache. Wewe nyunyiza maji ya sabuni kwenye flenji na mishono. Mapovu yatakuonyesha. Hili si la mlio tu: moshi una kabonimonoksidi, haina harufu, na kwenye foleni ya feri na vioo vimefungwa, kiyoyozi kinafanya kazi, tundu dogo chini ya gari huleta moshi ndani. Ikiwa kuna uvujaji mbele ya sensa ya oksijeni, injini nayo hudanganyika na kumwaga petroli zaidi.

BiKisauni:

Na jambo ambalo hukuuliza: kaa hapo gari likiwa juu. Kataliza, kile kisafisha moshi cha mbele, ina platinamu, paladiamu na rodiamu, na ina soko. Kuna gereji zitakazokwambia "imeziba, tuikate tutie paipu," na hiyo iliyokatwa hutaiona tena. Shida yako iko nyuma. Hakuna sababu ya mtu kugusa mbele. Kabla hujaliacha gari, piga picha ya chini yote, kuanzia manifoldi, pale moshi unapotokea kwenye injini.

MwanaTudor:

Shukrani, nimeelewa. Nitatafuta ya asili kwanza. La mwisho: nikishaifunga, kuosha chini kila wiki kwenye kuoshea magari kunasaidia? Na kuna jamaa hupuliza oili chafu chini ya gari lote dhidi ya kutu, nao vipi?

AbuSpana:

Kuosha kunasaidia, ila uliza maji yanatoka wapi. Visima vingi vya hapa mjini vina chumvi; onja tone, utajua. Kuosha chini kwa maji hayo ni kuongeza chumvi pale ambapo labda haikuwepo. Kama ni ya kisima, malizia kwa ndoo mbili za maji ya mfereji kwenye sailensa, flenji na hanga, hasa siku uliyovuka feri. Usiimwagie ikiwa ya moto.

Oili chafu isifike kwenye ekzosi hata kidogo. Itafuka, itanuka ndani ya gari, na karibu na kataliza yaweza kushika moto. Kwenye chasisi wengine wanaipenda. Mimi naona hukusanya mchanga na kuharibu raba, zikiwemo hizo za hanga utakazokuwa umetoka kununua.

Na mara moja kwa wiki lipeleke gari mbele kidogo, Mtwapa au Mazeras, mwendo wa nusu saa bila kusimamasimama. Ukirudi, tazama mdomo wa nyuma: ukiwa mkavu, humo ndani nako kumekauka. Matone ya maji asubuhi ni kawaida. Moshi mweupe usioisha hata injini ikiwa ya moto, na maji ya rejeta yanapungua, hiyo ni gaskiti ya silinda hedi, fungua mada nyingine.